Vidole Vitatu Kinywani

Katika chumba chetu cha kushonea, kule Nguba, watu hudanganya futi kila siku. Maman mmoja anakuja kupimwa gauni la arusi ya mdogo wake, na mara tu futi inapomgusa kiunoni anavuta tumbo ndani na kusimama bila kupumua, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Mama mdogo, ambaye ndiye mwenye cherehani na ndiye aliyenilea, humwambia, "Maman, pumua. Siku ya arusi utapumua tu." Wengine hucheka na kuliachia tumbo. Wengine hukataa, kisha wanarudi na gauni lililopasuka ubavuni, wakisema sisi ndio hatujui kupima.

Wenye haya nao hudanganya, kwa namna yao. Ukiwaambia wanyooshe mikono, wanainua kidogo tu, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu bila kujua jibu. Mkono wa blauzi unatoka mwembamba. Watu hao nawajua vizuri, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nilisoma hadi mwaka wa sita wa shule ya msingi, na sikumbuki hata siku moja niliyoinua mkono darasani. Nikicheka mbele ya watu nafunika kinywa kwa kiganja. Kwetu jambo hilo halikumsumbua mtu. Lilihesabiwa kuwa adabu. Bibi alitufundisha kwamba mtoto hafungui kinywa chote mbele ya mtu mzima, wala hapigi miayo mbele yake. Kumtolea mtu mzima ulimi ndiyo ilikuwa mbaya kupita zote. Kaka yangu alimtolea mjomba ulimi siku moja, kwa mchezo tu. Alichapwa, akalala bila kula, na asubuhi akapelekwa kuomba msamaha akiwa amebeba kuku. Mimi sikuchapwa, lakini somo lile nililielewa kuliko yeye.

Nilipofika miaka kumi na mitano, uvimbe ulianza kuota shingoni mwangu. Si kitu kigeni kwetu. Wamama wengi wa milimani wanao, tunauita gwatri, na mtu anaweza kuzeeka nao. Mimi niliushonea kola. Nilijitengenezea blauzi za kola ndefu, kisha ndefu zaidi, mpaka mama mdogo akasema, "Mwaka kesho utashona kola ya kufunika pua."

Lakini gwatri yangu haikukaa kimya. Nilianza kulalia mito miwili, halafu mitatu. Nikilala chali bila mto nilihisi kama mtu ameweka mguu kooni mwangu. Mama mdogo alikuwa akinisikia nikivuta pumzi, na siku moja alizima cherehani katikati ya mshono, kitu ambacho hafanyi kamwe, akasema, "Kesho tunapanda hospitali."

Hospitali ile iko juu ya kilima, na kutoka kwenye baraza lake unaona ziwa lote. Walinipiga picha ya shingo, wakasema gwatri imeanza kusukuma bomba la pumzi upande mmoja na lazima ikatwe. Daktari wa kukata shingo hakuwa wa pale. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, anakaa wiki moja, anakata waliokuwa tayari, anaondoka. Jina langu liliandikwa Alhamisi. Jumatatu mchana tuliingia wodini na ndoo, masufuria, unga, na mito yangu mitatu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na maman mmoja mnene wa Bunyakiri, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, aliyekuja kupasuliwa tumbo. Yeye hakuwa na haya hata chembe. Tulipoingia tu aliniuliza kwa sauti ya sokoni, "Binti, unauguwa nini? Ao ni siri ya Vatikani?" Nilifunika kinywa na kucheka. Mama mdogo alijibu badala yangu, kama kawaida yake.

Jumanne mama mdogo alikuwa uani, kwenye jiko la walinzi wa wagonjwa, maana kwetu mgonjwa hupikiwa na mtu wake. Ndipo alipokuja mzee mmoja mwenye miwani na koti la kijani, akiwa na fishi yangu, ile karatasi ya mgonjwa, mkononi. Wauguzi walimwita Papa wa usingizi. Ndiye anayewalaza watu kwa dawa kabla ya kupasuliwa, na huzunguka vitandani kabla ya siku yenyewe kuwaona wale atakaowalaza.

Alivuta kiti, akakaa. Alikuwa na mvi na masikio makubwa, na aliongea polepole, kama mjomba wangu yule wa kuku.

"Binti yangu, sikia," alisema. "Dawa ikikushika, utalala na pumuzi yako itasimama. Ni mimi njo nitakupumulia, na huu mupira." Alinionyesha mpira mwembamba uliopinda, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. "Unapita mu kinywa, unaingia mu bomba ya pumuzi. Sasa, njia ya watu wote haiko sawa. Kuko yenye inaonekana mara moja, kuko yenye inajificha. Mi sipendi kujua ile siku umeshalala. Njo maana ninakuja kutazama mulango leo. Umeelewa?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Fungua kinywa. Kabisa."

Nilifungua. Nilidhani nimefungua.

"Kabisa, binti."

Niliongeza kidogo. Mkono wangu ulipanda wenyewe hadi kwenye midomo, akaushusha kwa upole. Alisimamisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, akajaribu kuviweka kati ya meno yangu ya juu na ya chini. Viliingia viwili, tena kwa taabu.

"Toa ulimi."

Nilimtazama. Niliziona zile mvi. Nilitoa ncha tu, kiasi cha kulamba stempu, nikairudisha.

"Yote."

Nilitoa ncha ileile.

"Uma mudomo wa juu na meno ya chini. Hivi." Akanionyesha, akawa kama samaki aliyekasirika. Kitanda cha jirani kilicheka. Mimi nilishindwa kabisa. Kumkunjia mzee uso wa namna ile! Nilitazama blanketi.

Hakunigombeza. Aliniambia niangalie dari, nikaangalia. Alipima kwa vidole kutoka kidevuni mpaka kwenye mfupa wa koo, akapapasa gwatri kwa upole, akauliza ninalalia mito mingapi. Nilimwonyesha vidole vitatu. Aliandika muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Kinywa chako ni kidogo sana," alisema. "Peke yake, ningejaribu. Gwatri peke yake, ningejaribu. Lakini vyote viwili pamoja, hapana. Nikikulalisha na nisione njia, iko dakika kidogo tu mbele yetu. Tuko na mashini ya kamera ya kuangalia koo, lakini imeharibika, na mwenzangu wa kunisaidia mu kazi nguvu kama hiyo hayuko. Nitaomba daktari akutoe ku Alhamisi. Utangoja safari yake ingine. Pole, binti yangu. Bora ungoje."

Akaenda kwa maman wa Bunyakiri. Yule alifungua kinywa kabla ya kuambiwa, akatoa ulimi mpaka kidevuni, akasema, "Aaaa! Papa, pita tu, ata na baiskeli!"

Mama mdogo aliporudi na sufuria ya fufu alinikuta nimekaa juu ya mito yangu. Nilimweleza. Aliweka sufuria chini.

"Kinywa kidogo? Nani? Wewe?"

Nilivuta mto mmoja nikaukumbatia.

"Mutoto mwenye anakula hindi ya kuchoma kwa upande! Mwenye anacheka tukiwa wawili mpaka ninaona jana alikula nini! Kinywa kidogo?"

"Ni kweli vidole havikuingia," maman wa Bunyakiri alisema kutoka kitandani kwake. "Mi niliona. Alifungua kama mutu anakunywa dawa chungu. Na ulimi, aka! Alimuonyesha papa wa watu kipande kama cha mujusi."

Mama mdogo alinigeukia. Alinijua. Hakuhitaji kuelezwa habari ya bibi, wala ya mjomba na kuku wake. Bibi alikuwa mama yake mwenyewe. Aliketi pembeni yangu, akasema kwa sauti ya chini ile anayoitumia kwa wateja wenye haya.

"Umemupa vipimo vya uongo."

Sikuwa nimefikiri hivyo. Nilikuwa nimefikiri nimekuwa na adabu. Sasa nilimwona Papa wa usingizi amesimama na futi yake ya vidole, na mimi mbele yake, mikono nimebana, nikimwacha akate kitambaa kwa kipimo ambacho si changu. Na nguo yenyewe ilikuwa pumzi yangu. Safari nyingine ya daktari ilikuwa mbali, na mito ilikuwa imeshafika mitatu.

"Nitaenda kumuambia," mama mdogo alisema, akasimama.

"Hapana," nilisema. Kisha, kwa sababu alishangaa, niliongeza, "Utamuambia nini? Hautanifungulia kinywa."

Maman wa Bunyakiri alipiga makofi. "Kumbe anasema!"

Mchana ule tulikwenda barazani, mahali ambapo walinzi wa wagonjwa huanika vitenge vyao vikauke. Maman wa Bunyakiri alituazima kioo chake kidogo cha kujipakia poda, akatufuata pia, akishika tumbo, kwa kuwa hakutaka kukosa kitu. Nilisimama kati ya vitenge viwili, ziwa mbele yangu, nikafungua kinywa. Mama mdogo aliingiza vidole vyake vitatu, vyenye sugu za sindano. Viliingia na nafasi ikabaki. Nikatoa ulimi wote mbele ya kioo. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kimio changu, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma, ikitetemeka kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Ona mulango huo," mama mdogo alisema. "Wa kanisa."

Kufungua kinywa kati ya vitenge hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumwambia mzee yule kwamba nilimdanganya. Nilijijua: nikifika mbele yake maneno yangekwama. Basi Jumatano asubuhi niliomba kalamu kwa muuguzi, nikachukua karatasi ya dawa iliyokuwa tupu upande mmoja, nikaandika. Mimi huandika polepole, nikichora kila herufi kama ninavyofuata chaki juu ya kitambaa. Mama mdogo alimaliza kuosha vyombo vyote, akarudi, akanikuta bado niko mstari wa pili. Niliandika hivi: *Papa, vipimo vya jana si vya kweli. Kosa ni langu. Naomba upime tena.*

Nilimkuta kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, ameketi kwenye benchi, akinywa chai na mkate. Nilimpa karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna jingine nyuma, akaona jina la dawa ya minyoo.

"Vipimo gani si vya kweli?"

"Vya kinywa."

"Juu ya nini?"

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa na mabaka ya dawa ya kahawia. "Niliona haya kukutolea ulimi, papa. Wewe ni muzee."

Aliinamisha kichwa juu ya kikombe, nikafikiri nimeongeza kosa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, na chai ilimwagika kwenye suruali.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi."

"Na mimi bibi yangu alinifundisha hivyo hivyo. Nilipigwa fimbo juu ya ulimi, ningali na alama." Alipangusa suruali. Cheko lilimwisha kidogo kidogo. "Unajua, nimefanya hii kazi miaka mingi. Mabinti wengi wananifungulia kinywa nusu, na mimi ninaandika *kidogo*. Nilipaswa kuuliza. Mi nilisahau kama nimezeeka. Ningekuwa kijana, labda ungenitolea."

"Hapana, papa. Ningekuwa na haya nyingine."

Alicheka tena. Kisha akafanya jambo ambalo nikiwaeleza watu hawaniamini. Alivua miwani, akaiweka kwenye benchi, akafungua kinywa chote na kunitolea ulimi. Mzee mzima, mwenye mvi, mlangoni pa kazi yake, ulimi wote, mweupe kwa maziwa ya chai. Muuguzi aliyekuwa akipita na sinia la mikasi alisimama.

"Papa!"

"Pita, maman, tuko mu kazi," akasema, kisha akanigeukia. "Mi nimeanza. Sasa tuko sawa. Zamu yako."

Nilifungua. Sikufunika kitu. Vidole vyake vitatu viliingia. Nilitoa ulimi mpaka nikahisi mzizi wake unavutika. Alinimulika na taa ndogo, akasema "Aha," kama mtu aliyepata ufunguo. Niliuma mdomo wa juu kwa meno ya chini, nikawa na mimi samaki aliyekasirika. Alitikisa jino moja baada ya jingine kuona kama kuna linalocheza. Alinilaza chali kwenye benchi bila mto, akahesabu pumzi zangu, na hapo sura yake ikawa ya kazi tu.

Alichukua fishi yangu. Hakufuta yale ya jana. Alipiga mstari mmoja juu yake, ili yasomeke, akaandika mapya chini.

"Kinywa ni kizuri," alisema. "Shingo inageuka vizuri. Gwatri bado inasukuma bomba, hiyo, haya yako haikuidanganya. Sikia vizuri, binti. Nikikuambia itakuwa rahisi, nitakuwa nakudanganya na mimi. Tunachungulia kwa mulango, hatuoni nyumba yote. Lakini kwa mulango huu, mi ninaweza kuingia. Nitatayarisha mupira mukubwa, wa kati na mudogo, na yule daktari wa shingo atasimama pembeni yangu mbele ya kuanza, mukono tayari kufungua njia ku shingo mupira ukikataa. Unakubali?"

"Ninakubali."

"Sema tena, sijasikia."

"Ninakubali, papa!" Ilitoka kwa sauti iliyonishangaza. Akaenda kwa daktari, fishi mkononi, na kabla ya saa sita jina langu lilikuwa limerudi kwenye Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi maman wa Bunyakiri, ambaye alikuwa amepasuliwa jana yake na hakuruhusiwa kucheka, alinipungia mkono na kunitolea ulimi. Mama mdogo alibaki mlangoni na mito yangu mitatu mikononi, kama mtu aliyebeba watoto wa mwingine. Ndani kulikuwa na baridi na taa kubwa. Papa wa usingizi alikuwa amepanga mipira yake juu ya kitambaa, mkubwa, wa kati, mdogo, kama tunavyopanga nyuzi. Daktari wa shingo alisimama pembeni kama alivyoahidiwa. Waliniinulia kichwa kidogo, wakaniwekea kinyago cha hewa, nikaambiwa nipumue kwa nguvu.

"Nionyeshe mara ya mwisho," alisema, akainua kinyago.

Nilimtolea ulimi. Ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka.

Nilipoamka koo lilikuwa na mikwaruzo, na shingo ilikuwa imefungwa bandeji. Sauti yangu ilikuwa kama ya jogoo kijana. Nilikuwa nimelala na mto mmoja tu, tena mwembamba wa hospitali, na hewa iliingia bila kuomba ruhusa. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, akinitazama kifua kinavyopanda na kushuka.

Papa wa usingizi alikuja jioni. Nilimwuliza kwa ile sauti ya jogoo kama njia ilikuwa rahisi.

"Kinywa, hakuna shida. Ndani, bomba lilikuwa limesukumwa kushoto na limebanwa. Mupira wa kwanza, ule wa kati, ulikataa. Mudogo ukapita." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza barabara aliyoipita asubuhi. "Ile Jumanne nilikosa, nilikuogopa bure. Jumatano nilikosa pia, nilifikiri wa kati utapita. Lakini nilikuwa nimetayarisha." Alinipa karatasi iliyokunjwa, yenye mwandiko wake: mpira upi ulikataa na upi ulipita. "Hiyo uichunge. Siku ingine mahali pengine mutu akitaka kukulalisha, mupe asome mbele ya kukugusa. Ata kama ni muzee. Ata kama ni askofu."

Karatasi hiyo iko ndani ya kopo la biskuti, pamoja na futi na chaki. Blauzi zangu za kola ndefu tulizifumua, tukatoa vitambaa vya kutosha mifuko ya sare za watoto. Shingoni nina mstari mwembamba, na wateja wakiutazama siuzibi tena. Wenye haya nawajua wakiingia tu. Siwaambii tena wanyooshe mikono. Nainua ya kwangu kwanza, juu kabisa, kama mtu anayefukuza ndege shambani, na wao wanacheka na kuinua.

Baada ya miezi michache Papa wa usingizi mwenyewe aliingia chumbani kwetu na kitambaa cha suruali chini ya kwapa. Mama mdogo alimwacha kwangu. Nilipitisha futi kiunoni mwake, na tumbo lote likaingia ndani. Alisimama wima, macho juu, bila kupumua. Nilingoja. Uso ulianza kumbadilika rangi.

"Papa," nilimwambia, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, "pumua. Nataka vipimo vya kweli."